Safari Tatu za Kijiji Kimoja

Mzee Kioo hakuwa na ugomvi wowote na popo. Popo ni popo. Mchana analala, jioni anaruka, hamwombi mtu kitu. Ugomvi wake ulikuwa na watu wazima, wenye familia zao na shahada za kutundika ukutani, wanaosafiri siku nzima kwa gari la chuo kwenda kuzoa mavi ya popo kwa kijiko, wakayatia kwenye vichupa, wakavifunga kwa uangalifu kama wamebeba dhahabu. Halafu ukiwauliza ya nini yote hayo, wanakujibu, "Ni utafiti tu, mzee."

Hiyo "tu" ndiyo iliyomkosesha amani. Kwa anavyojua yeye, mtu akishasema "tu" ana lake jambo.

Alikuwa dereva wa chuo kikuu tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti, na kwa muda huo alikuwa amebeba elimu ya kila aina na kila harufu. Alimbeba bwana mmoja aliyesimama matopeni mpaka magotini akirekodi vyura, na walipokuwa wakirudi bwana huyo akazisikiliza zile sauti macho yamefumbwa, kama mtu anayesikiliza wimbo wa harusi yake. Alimbeba mama wa idara ya lugha, aliyekwenda masokoni kusikiliza wauzaji wanavyotukanana, akarudi na matusi mapya kibao, anacheka peke yake kiti cha nyuma. Aliwabeba vijana wa kupima nyufa za madaraja. Akambeba na mwanafalsafa mmoja ambaye hakupima chochote wala kuokota chochote. Alikaa chini ya daraja akiwaza, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Huyo Mzee Kioo alimwogopa kuliko wote. Mwizi asiye na gunia ndiye wa kuangaliwa sana, alimwambia mkewe.

Wote hao aliwatazama kwa kile kioo cha kati cha kuonea nyuma, na ndiko jina lake lilikotoka. Kabla hajawasha gari alikipangusa kwa shati, akakigeuza mpaka kikae sawa na uso wa abiria. Alitaka kuona mtu anavyokunja uso anapoandika, na nani anamnong'oneza nani. Akigongana macho na abiria, yeye hakukwepa. Aliyekwepa alikuwa abiria.

Kutazamwa yeye mwenyewe, hata hivyo, hakupenda. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yenye madoa na mistari tangu yalipoota, na alipocheka alibana midomo. Kijijini kwao karibu kila mtu alikuwa na meno hayo, ilikuwa ndiyo rangi ya meno. Mjini ndiko alikojifunza kuyaonea haya.

Kijiji chenyewe kiko ubavuni mwa mlima, na nyumba ya mama yake ni ya mwisho kabisa kule juu, imeegemea mwamba. Uani kuna kisima. Marehemu baba yake alikichimba kwa sururu na hasira, maana majirani walimcheka kwamba kwenye mwamba hakuna maji. Maji yakatoka, na hayakuwahi kukauka, hata ule ukame uliomaliza mifugo bondeni. Mama yake alikitaja kisima kile kama watu wanavyomtaja mtoto aliyefaulu shule. Mgongo ulikuwa umempinda na shingo imekakamaa, kiasi kwamba akiitwa hugeuka mwili mzima, lakini kamba ya kisima hakumwachia mtu.

Bibi huyo aliishi na kitukuu chake, binti wa binti wa Mzee Kioo, ambaye wote walimwita Kadogo. Babu akifika tu, Kadogo humletea maji kwenye kikombe cha bati, amekishika kwa mikono miwili, anakuja polepole asije akamwaga. Babu hunywa nusu. Nusu inayobaki ni ya Kadogo, naye huinywa pale pale amesimama, kitumbo mbele, kisha husema "aaah" kwa sauti nzito kama ya babu. Huo ulikuwa mkataba wao wawili, na babu aliupenda kuliko mshahara.

Basi, shida ilianza pale chuo kilipoanza kwenda kwao.

Wa kwanza alikuwa Bwana Mawe wa idara ya miamba, mtu mwenye nyundo kiunoni na kofia isiyojua sabuni. Aliuzunguka mwamba wote wa nyuma ya nyumba ya mama, akagongagonga, akaokota vipande, na vingine akavilamba. Mzee Kioo aliyaona hayo kwa macho yake mawili. Akamuuliza, "Vipi bwana, vitamu?" Bwana Mawe akacheka, akasema ulimi unajua mengi. Sasa hilo nalo ni jibu?

Wa pili alikuwa Mama Zamani wa idara ya historia. Huyo hakugusa jiwe hata moja. Alikaa na wazee, akawauliza nani alifika wa kwanza pale mlimani, nani alipewa sehemu ipi, mpaka wa fulani uliishia wapi, makaburi ya akina nani yako upande gani. Kila mipaka ilipotajwa, Mzee Kioo aliona kalamu inakwenda mbio.

Na kabla vumbi la safari hiyo halijatua, akapangiwa safari nyingine ya kijiji kile kile. Safari hii abiria wake alikuwa mwalimu wa chuo anayechunguza maji ya visima.

Hapo uvumilivu ukamwishia. Alikwenda kwa fundi wa gereji ya chuo, ambaye alikuwa amelala chini ya basi la wanafunzi, miguu tu ikionekana, akazungumza na ile miguu.

"Fundi, nisikilize. Wa mawe ameangalia chini kuna nini. Wa zamani ameuliza ardhi ni ya nani. Sasa wa maji anakwenda kuangalia kama maji yanatosha. Ukiunganisha unapata nini?"

"Kichwa kinauma," miguu ikajibu.

"Unapata mgodi! Au hoteli ya kitalii. Mama yangu ataamka asubuhi akute bango uani kwake."

"Mzee wangu, hao watu hawajuani hata kwa majina. Juzi Bwana Mawe na Mama Zamani wamegombania gari hapa hapa, nusura washikane mashati. Hakuna aliyejua mwenzake anafundisha nini."

"Ndiyo danganya toto yenyewe hiyo. Watu wanaokula njama utawakuta wamekumbatiana?"

Fundi akajivuta akatoka chini ya basi, akamtazama usoni kwa muda, akarudi chini.

Mwalimu wa maji alikuwa binti mwenye sauti ya upole, na upole huo ulimzidishia Mzee Kioo mashaka. Alikaa nyuma na sanduku la baridi lililojaa chupa tupu. Walipoacha lami, Mzee Kioo akainua macho kwenye kioo kama kawaida yake, akakuta binti naye anamtazama. Ila hakuwa akimtazama machoni. Alikuwa akimtazama mdomo.

"Samahani mzee. Wewe ni mzaliwa wa huku tunakokwenda?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Tu tena!

"Nimezaliwa huku," akakubali shingo upande.

"Na utotoni mlikuwa mnakunywa maji ya kisima gani?"

"Ya mvua," akasema Mzee Kioo, akabana midomo, na hakuifungua tena mpaka walipofika.

Mwalimu alizunguka bondeni kwanza. Akachota maji ya kisima cha shule na ya visima vingine vya huko, kila kimoja chupa yake. Mwisho akapanda mpaka kwa mama. Akapima kina cha kisima kwa kamba yenye uzito. Akatoa kifaa cha kuzungumza na setilaiti, akanasa mahali kisima kilipo. Halafu akachukua rangi nyekundu na kupiga namba kwenye jiwe la ukingoni.

Mzee Kioo akaisogelea ile namba. Rangi nyekundu! Mtu akitaka kukubomolea nyumba anaanza na nini kama si namba ya rangi nyekundu? Hilo hata Kadogo analijua.

"Mwanangu, huondoki hivi hivi," mama yake akamwambia mwalimu. "Ingia ndani ule."

Mwalimu akaingia. Mzee Kioo akasema anakuja, anakagua rejeta kwanza, na kweli boneti akaifungua. Nyuma ya kiti alikuwa na dumu la maji ya bomba aliyoyajaza gereji asubuhi, maana dereva wa milimani hatembei bila maji ya rejeta. Akafungua sanduku la baridi. Chupa ya kisima cha mama ilikuwa juu ya zote. Akayamwaga yale maji chini ya gurudumu, akajaza ya dumu, akakaza kifuniko, akaipangusa kwa shati. Kama ndani ya maji yale kulikuwa na dalili ya dhahabu, almasi au shetani gani sijui, sasa watapekua mpaka wachoke. Akaingia ndani na moyo mweupe wa mtu aliyemtendea mama yake wema, akala, akanywa nusu kikombe, Kadogo akamalizia.

Majibu yalikuja mvua zilipokatika. Mwalimu wa maji alirudi kijijini kuwasomea watu, na mwenye kumwendesha alikuwa Mzee Kioo yule yule. Watu walikusanyika darasani shuleni, wazee wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mwalimu akawaeleza kwamba kuna kitu kinaitwa floraidi. Kinatoka kwenye miamba na kuingia majini, hakina rangi, hakina harufu, hakina ladha. Kikiwa kidogo hakidhuru. Kikizidi, mtoto anayekua akikinywa kila siku, meno yake ya ukubwani yanaota yakiwa ya kahawia, na akiendelea kukinywa miaka mingi mifupa inakakamaa. Wengine miguu hupinda. Darasani watu wakaanza kufunika midomo kwa viganja, mmoja baada ya mwingine.

"Visima vya bondeni vimezidi kiasi, na cha shule kimo," akasema mwalimu. "Kisima kimoja tu nimekikuta ni safi kabisa. Kile cha juu, cha bibi."

Vigelegele vilipasua bati. Mama yake Mzee Kioo akageuka mwili mzima, akamtafuta mwanawe kwa macho mlangoni, na uso wake uling'aa. Mwenyekiti wa kijiji akasimama pale pale, akasema lazima pampu ifungwe kwenye kisima cha bibi na bomba lishushwe mpaka shuleni, na siku ya kufungua, bibi mwenyewe ndiye atakayeshika koki.

Mzee Kioo alilikumbuka lile dumu. Lakini tabia haifi kwa siku moja, akajitetea moyoni. Kitu hakionekani, hakinuki, hakina ladha. Si ndiyo kusema hakipo? Hawa wamewauzia watu mbuzi kwenye gunia. Maji ni maji, nimeyanywa na nimefika uzeeni na gari nimeendesha.

Alipokwenda tena kuwasalimu wa nyumbani, alikuta kinamama wa bondeni wamepanga ndoo uani, wengine wana watoto mgongoni. Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda, na kamba ya kisima ilikuwa mikononi mwa watu wengine. Kamba ile ile!

"Mama, mbona umewaachia?"

"Waache wachote, baba. Watoto wao wanywe maji safi." Akamshika mkono. "Marehemu baba yako angekuwepo leo, wallahi wale waliomcheka wangemwomba radhi."

Kando ya njia, mabomba meusi ya plastiki yalikuwa yameshashushwa, na watoto wa shule walikuwa wakikimbia juu yake. Mzee Kioo aliwatazama. Maji yaliyopigiwa vigelegele hayakutoka mlimani. Yalitoka kwenye bomba la gereji. Kuhusu maji ya kisima kile hakuna mtu aliyejua lolote, na aliyejua kwamba hakuna anayejua alikuwa yeye peke yake. Akaingia garini, akageuza kioo, akakenua mbele yake kama anayetishia mbwa. Akayaangalia meno yake kwa muda mrefu.

Siku chache baadaye alimbeba tena Bwana Mawe, kwenda upande mwingine kabisa. Na kwa mara ya kwanza katika udereva wake, Mzee Kioo akauliza swali akiwa kweli anataka jibu.

"Bwana, yale mawe ya nyuma ya kwa mama yangu. Yalikuwa na nini?"

Bwana Mawe nusura aruke kwenye kiti kwa furaha. Ilionekana hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, hata mkewe. Akasimulia moto wa chini ya ardhi, akasimulia mlima ulivyotapika enzi hizo, akatumia mikono yote miwili na kofia. "Na floraidi, mzee! Mwamba ule umejaa floraidi, sijapata kuona. Mahali pazuri mno kwa utafiti. Ila kisima kilichochimbwa pale, mimi sinywi hata nikiwa nakufa na kiu."

Mzee Kioo akakanyaga breki mpaka nyundo ikaanguka.

"Umemwambia mwalimu wa maji?"

"Mwalimu gani wa maji?"

Mzee Kioo akamtazama kwenye kioo. Akatafuta ile dalili aliyoizoea, lile jicho la mtu anayeficha kitu. Hakuona ila mtu mwenye kofia chafu, aliyeulizwa jambo asilolijua. Fundi alisema kweli. Hawajuani hawa! Mmoja ameshika jibu chumba hiki, mwingine anahangaika na swali chumba kile, na mlango mmoja tu umewatenganisha. Laiti kweli wangekula njama. Laiti wangekaa kwenye chakula kimoja wakanong'onezana. Alitamani kulia kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua aielekeze kwa nani, maana aliyemwaga maji alikuwa yeye.

Ofisi ya mwalimu wa maji ilijaa chupa mpaka dirishani. Mzee Kioo alisimama mlangoni, kofia mkononi, akayasema yote kwa pumzi moja: chupa, gurudumu, dumu, rejeta.

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Kwa nini, mzee?"

"Nilidhani mnataka kutunyang'anya kisima."

"Ungeniuliza."

"Nilishauliza wengi. Wote wananiambia ni utafiti tu."

Binti akainamisha kichwa. Aliposema tena, ule upole ulikuwa umepungua. "Siku ile garini niliyaona meno yako. Halafu chupa ikaniambia maji ya kwenu ni safi. Sikulala vizuri. Nikajiambia, basi, mzee alisema alikunywa maji ya mvua. Nikakuamini." Akavuta simu. "Nampigia mwenyekiti asifungue koki mpaka nipime upya. Na mkuu wa usafiri nitamweleza ulichofanya, mzee, siwezi kukufichia."

"Niliyataka mwenyewe," akasema Mzee Kioo.

Safari ya mwisho hakuiendesha. Funguo alipewa dereva mwingine, na yeye akakaa nyuma kama mtafiti. Mwalimu wa maji alikaa naye kiti kimoja, lakini sanduku la baridi alilibana katikati ya miguu yake mwenyewe, upande wa mbali. Njia nzima yule dereva alimtazama Mzee Kioo kwa kioo cha kati. Mzee Kioo alijaribu kutazama dirishani, na kila aliporudisha macho aliyakuta yale mengine yanamsubiri.

"Anza wewe na mama," mwalimu akamwambia walipofika. "Mimi nitachota."

Uani koki mpya ilikuwa imefungwa utepe. Mama yake alikuwa amevaa gauni jipya ambalo siku yake ilikuwa bado. Alikuwa akilijaribu, na alipomwona mwanawe akajizungusha polepole alione vizuri. "Simu ya mwenyekiti inasema eti tusubiri," akasema. "Hawa watu wa chuo nao, kila siku wana jipya. Si ulisema mwenyewe si wa kuaminika?"

Hapo hapo Kadogo akatokea na kikombe cha bati, mikono miwili, macho kwenye maji.

"Babu, tazama!" Akainua uso, akatabasamu. Jino la mbele halikuwepo. Pengo lilikuwa bichi, na ndani yake hakukuonekana kitu bado. "Limeng'oka lenyewe! Bibi anasema litaota kubwa."

Mzee Kioo akapokea kikombe. Akanywa nusu. Kadogo akanyoosha mikono. Babu akavuta pumzi, akakiinua tena kikombe, akanywa, akaendelea kunywa mpaka kichwa kikalala nyuma na bati likamgusa pua. Hakubakisha tone.

Kadogo alichungulia ndani ya kikombe.

"Babu, na yangu?"

Bibi akageuka mwili mzima. "We! Tangu lini unamnyima mtoto maji? Maji ya kisima cha baba yako?"

Nyuma yake mwalimu wa maji alikuwa ameinama kisimani, anavuta kamba. Mzee Kioo akapiga magoti mbele ya mama yake, kikombe kitupu mkononi, na kwa mara ya kwanza mbele za watu akafungua mdomo wote, meno yakaonekana.

"Mama," akasema, "maji waliyoyasifu siyo haya."

Kadogo alikuwa bado amenyoosha mikono.